Zamu Nilizokopa Kwenye Gemu ya Kuruka

Walisema sitalivuka lile shimo. Waliosema ni watoto wenzangu, katikati ya miaka ya tisini, Mtwara mjini, wamekaa juu ya zulia la sebule isiyo ya kwetu, mbele ya televisheni isiyo ya kwetu. "Huyu wa Nanyamba? Huyu havuki mpaka kiama." Mke wa mjomba wangu, ambaye nilikuwa nikiishi kwake ili nisome shule ya mjini, aliyasikia maneno hayo, akayatoa kwenye gemu na kuyaingiza darasani: sitavuka mtihani wa darasa la saba, sitavuka kidato cha nne, na siku nikipelekwa Dar es Salaam nitarudi na basi lilelile lililonipeleka.

Niseme mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Darasa la saba nilivuka. Kidato cha nne nilivuka. Ninayo stashahada ya ufundi umeme, imo kwenye fremu sebuleni kwangu Shangani hapahapa Mtwara, mahali ambapo mgeni akiketi hawezi kukwepa kuiona. Nyumba ni yangu, sikurithi na sikupewa. Niliondoka Mtwara na begi la kuazima, nikarudi miaka ile gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuwasha taa za mji, na nilirudi nikiwa mmoja wa watu wanaohakikisha taa hizo hazizimiki. Najisifu, ndiyo. Kazi niliifanya mwenyewe, kwa nini sifa nimwachie mwingine?

Jambo moja tu ndilo sijawahi kujisifia, na ndilo ninaloliandika hapa. Ile gemu bado naicheza. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, mafundi vijana wananiita mzee kazini, nami jioni nafunga mlango wa sebule na kumrusha kijamaa mwenye bukta ya kijani juu ya magogo. Mke wangu akiniuliza kwa nini sichezi zile za siku hizi zenye picha kama sinema, humpa majibu ya kifundi. Namwambia ile ya zamani haina bahati nasibu. Shimo lililokuwa pale jana liko palepale leo, upana uleule. Haikuulizi ulizaliwa wapi wala unatamka vipi maneno yako. Ukianguka, umeanguka wewe, na ukivuka, umevuka wewe. Hayo yote ni kweli. Ila si hayo yanayonifanya nifunge mlango.

Gemu yenyewe ilikuwa nyumbani kwa karani wa bandari, jirani wa mjomba. Walikuwa watu wa bara, Wakristo, waliohamishiwa Mtwara kikazi, na walikuwa na vitu ambavyo mtaa mzima ulivijua kwa kuvihesabu: televisheni ya rangi, makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, na kile kiboksi cha gemu alichokileta karani kutoka safarini. Binti yao alikuwa rika langu. Ndiye aliyekuwa bingwa, ndiye aliyekuwa hakimu, na ndiye aliyeamua nani aingie na nani akanawe miguu kwanza. Wengine wa kudumu walikuwa wawili: mtoto wa maalimu wa madrasa, na mwenzetu mmoja mnene ambaye kwao walioka mikate, naye mwenyewe alinuka hamira.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Kila mtu alikuwa na zamu yake ya kushika rimoti, ndivyo tulivyokiita kile kidude cha vitufe, na zamu ilikwisha kijamaa akifa. Akifa, unampa mwenzako, unasubiri mzunguko wote. Adhana ya magharibi ikilia, binti wa karani alibonyeza kitufe cha kusimamisha, kijamaa akabaki ananing'inia hewani, nasi tukatoka mbio kwenda msikitini. Yeye alibaki kumlinda asiguswe na wadogo zake. Nilikuwa nikisujudu huku namwona yule kijamaa ananing'inia, na mtoto wa maalimu aliniambia hata yeye alikuwa akimwona, jambo ambalo hakuthubutu kumweleza baba yake.

Umeme nao ulikuwa na mambo yake. Siku hizo mji ulitegemea majenereta ya dizeli. Mashine ikigoma, giza, na gemu ile haikuwa na kumbukumbu. Umeme ukirudi, kijamaa alikuwa amerudi mwanzo kabisa, kana kwamba hakuna aliyewahi kutoa jasho. Kwa hiyo tulicheza kama watu wanaokimbizwa. Mimi niliyetoka Nanyamba, kijiji chenye taa za kibatari, nilikimbia kuliko wote, na niliangukia palepale kila mara: kwenye shimo pana lenye ubao unaopanda na kushuka. Nilikuwa nausubiri ubao ufike ndipo niruke. Nikiruka, umeshaondoka.

"Anaruka kama mbuzi anayeogopa dimbwi," alisema yule mnene.

"Mbuzi ana nafuu," alisema binti wa karani. "Mbuzi angeshajifunza."

Hapo ndipo nilipoanza kukopa. Mtu aliweza kumwachia mwenzake zamu yake, kisha akarudishiwa siku nyingine. Wao walikopeshana mara mojamoja, kwa utani. Mimi nilikopa kama mtu mwenye kiu. Nikianguka, namgeukia wa kwanza. Akinikatalia, namgeukia wa pili. Siku iliyofuata, zamu yangu ikifika, naambiwa hiyo si yako, ilipe. Nailipa, halafu nakopa tena. Nilikuwa na maneno yangu maalumu ya kuombea, ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa peke yangu ndani ya gari hukohoa ili nisiyasikie: "Dada yangu, dada mzuri, hii tu, sirudii tena." Naye alikuwa rika langu, wala hakuwa dada yangu.

Mama yangu alikuja mjini baada ya msimu wa korosho, amebeba kapu la ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini tunayokula kwetu. Kwa mjomba aliambiwa niko kwa karani. Akaja, akavua kandambili nje, akasimama mlangoni. Hakupiga hodi mara moja, kwa sababu aliyoyaona yalimzuia. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia la watu, nimekunja mikono, mbele ya binti wa karani.

"Hapana," binti alikuwa anasema. "Unadaiwa. Unadaiwa na mimi, unadaiwa na mnene, unadaiwa na mtoto wa maalimu. Kalipe kwanza."

"Hodi," mama akasema. "Mwanangu anadaiwa nini?"

Sote tuligeuka. Wenzangu walimwamkia, shikamoo, shikamoo, na mama akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Zamu, mama," alisema binti wa karani. Sauti ilikuwa imepungua.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Huko kwenye mikorosho, wakati wa palizi, watu hulimiana kwa zamu. Leo wote shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Ukilimiwa, unadaiwa siku ya jembe, nayo hailipwi kwa shukrani wala kwa fedha. Hulipwa kwa jembe. Ukiugua, ndugu yako huenda badala yako, na ndugu asipokwenda, mwaka unaofuata utapalilia peke yako mpaka majani yakushinde. Mama alikulia katika hesabu hiyo. Neno zamu lilipotoka, hakuona tena watoto na televisheni. Aliona mwanawe ameila kazi ya watu na hana cha kurudisha.

Nilimnong'oneza kwa Kimakonde, "Mama, ni mchezo tu."

Akanijibu kwa Kiswahili, kila mtu asikie. "Mchezo? Mbona uliomba kwa magoti?" Kisha akamgeukia binti. "Zamu zenu amezichukua, hajazichukua?"

"Amezichukua."

"Basi. Nangu nipo."

Nangu ni mimi, kwa lugha yetu. Yule mnene alilirudia neno lile kwa sauti ya chini, nangu, nangu, na mtoto wa maalimu akaziba mdomo kwa kiganja. Mama alifunga kanga kiunoni, akazunguka nyuma ya nyumba. Mama mwenye nyumba alikuwa uani, kinu mbele yake na ungo wa mahindi ya kukoboa. Nilimsikia akibisha: "Mama, hao ni watoto, achana nao, karibu ukae." Nilimsikia mama akicheka kile kicheko chake cha kukataa. Kisha nikasikia mchi.

Binti wa karani alinitazama, akanitupia rimoti. "Haya, zangu zinalipwa. Cheza."

Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi na uani ni hatua chache tu. Mama yangu, aliyetoka Nanyamba alfajiri juu ya gari la mizigo, alikuwa anatwanga mahindi ya nyumba ya watu kwa ajili yangu, na kapu lake la ming'oko liko pale mlangoni halijaguswa. Mimi nilishika rimoti.

Kijamaa akakimbia. Magogo, mawe, daraja, na tukafika kwenye shimo. Nyuma ya ukuta mchi ulikuwa unapanda na kushuka, taratibu, bila kukosea, kama anavyotwanga mtu aliyeanza kutwanga kabla hajaota meno ya utu uzima. Na ubao kwenye televisheni ulikuwa unapanda na kushuka. Sikupanga. Masikio yangu ndiyo yaliyosikia kwamba vile vitu viwili vinakwenda pamoja. Niliacha kuutazama ubao. Mchi ulipogonga, nikaruka.

Nikavuka.

Makelele yaliyozuka sebuleni mle sijawahi kupigiwa tena, hata siku nilipovaa joho. Yule mnene alinikumbatia na hamira yake yote. "Wa Nanyamba kavuka! Kavuka!" Binti wa karani alikuwa anapiga zulia kwa ngumi. Nami nilikuwa nacheka, nacheza, nakwenda mbele kusikojulikana, na sikio moja liko uani likiomba mchi usisimame. Ndilo jambo lenyewe. Niliomba mama asichoke, si kwa sababu ya mama.

Mchi ulisimama baadaye kidogo. Kijamaa akafa kwenye kitu ambacho hatukuwa tumekiona kabla.

Mama hakuingia sebuleni. Alikuwa na pumba kwenye nywele na mikononi, na vile vitambaa vyeupe vya makochi aliviona tangu mlangoni. Alisimama nje, akaniambia nimwonyeshe nyumba ya mnene na nyumba ya maalimu, akamalize. Mjomba alikuja kumzuia. "Dada, utaniaibisha mtaa mzima. Watu watasema nimeshindwa kumlea mtoto wako." Wakabishana kwa Kimakonde mpaka mama akakubali, kwa shingo upande, akasema basi zamu za nyumba mbili zilizobaki atazilipa mwenyewe mtoto akikua. Jioni hiyo mke wa mjomba alisimulia kisa chote kwenye bomba la maji. Kwa muda mrefu watoto wa mtaa wakiniona walifanya kama wanatwanga.

Nikaenda zangu shule. Nikasoma kwa hasira, na hasira ilinifaa. Chuoni Dar es Salaam nilipata posho yangu ya kwanza ya mafunzo, nikaenda Kariakoo nikanunua kiboksi kilekile na gemu ileile, kabla sijanunua viatu. Nilifika kwenye shimo, nikafumba macho, nikagonga mguu sakafuni, nikaruka. Sijawahi kulivuka kwa namna nyingine. Nimejaribu kwa macho, mimi fundi ninayepima mitambo kwa kazi, na kwa macho huanguka.

Niliporudi Mtwara nikajenga, nikamleta mama akae nami. Wale watatu walikuwa bado mjini: binti wa karani amekuwa mwalimu, mnene ana tanuri la mikate la baba yake, mtoto wa maalimu yuko kwenye maghala ya korosho. Nilikuwa nakutana nao na kupita haraka nikitaja kazi nyingi. Mpaka siku moja dukani yule mnene akapaza sauti mbele ya watu: "Bwana mkubwa wa umeme! Zamu zangu vipi?" Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nikasema njooni Idi pili, wote, mchukue chenu. Nilisema kwa kiburi, kama mtu anayefunga hesabu ndogo.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Mama angetoka na wajukuu kutembea ufukweni, kama watu wa Shangani wanavyofanya jioni, nasi tungemaliza kabla hawajarudi. Miaka yote ile mama hakuwahi kukitazama vizuri alichokuwa anakitwangia. Hakuuliza, sikumwambia, na kiboksi nilikificha kabatini mwangu kama mtu anayeficha chupa. Niliogopa aione ile bukta ya kijani na kofia yake, aone ukubwa wa kitu kile, ajue.

Walikuja. Pilau ikaliwa, fremu ya stashahada ikaangaliwa na kusifiwa. Mnene akachukua zamu zake kwa kelele nyingi, akaanguka upesi, akasema deni limekwisha. Mtoto wa maalimu akafuata. Mwalimu akakataa rimoti.

"Mimi sikudai," alisema. "Mama yako alilipa. Tena mama yangu alinichapa usiku ule kwa sababu ya kumwacha mgeni atwange. Alinichapa kwa mwiko."

"Hukuniambia."

"Nikuambie nini? Ulikuwa unashangilia."

Hapo mlango ukafunguliwa, na mama akaingia, wajukuu nyuma yake, analalamikia magoti yake na mchanga. Kitufe cha kuzimia kilikuwa karibu na mkono wangu. Mwalimu alinitazama, nami nikauondoa mkono.

Mama alisalimiana na wageni, akawatambua mmoja mmoja. Kisha akaitazama televisheni, ambako kijamaa alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shimo akisubiri.

"Ndiyo zile zamu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Alitazama kwa muda. Watoto wangu walinitazama mimi, kisha bibi yao, hawakuelewa.

"Nilidhani ni kitu kikubwa zaidi," akasema.

Yeye akakaa, si kwenye kochi, akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akanyoosha na mkono.

"Lete. Na mimi nilikukopesha."

Nikampa rimoti. Nikachutama karibu yake, nikamwonyesha kitufe cha kukimbia na cha kuruka. Kijamaa akatembea hatua mbili akatumbukia. Mama akasema lete tena. Akatumbukia. Nilitaka kumwelekeza wakati wa kuruka, akanipiga kofi dogo la mkono. "Niache. Ulipokuwa unacheza nilikuja kukufundisha?"

"Kinu kimoja cha mahindi ni zamu ngapi?" mnene akauliza.

"Mpaka achoke mwenyewe," akasema mwalimu, na hakuna aliyebisha.

Akacheza. Mnene alikuwa anamhimiza, ruka bibi, ruka, naye anamwambia anyamaze, anamharibia. Mara moja alimrusha kijamaa kwa mikono yake miwili juu, rimoti na waya wake vikainuka pia, na sote tukacheka, naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Kajitu hakana akili," alisema. "Shimo analiona, na bado." Shimo hakulivuka. Hakuna hata mara moja aliyolikaribia. Chai ikapoa, adhana ya magharibi ikalia, na mtoto wa maalimu akanitazama akitaka kujua kama tusimamishe.

Mama akaiweka rimoti juu ya mkeka, mbele ya magoti yangu.

"Basi," akasema. "Sidai. Nendeni mkasali."

Nikamsaidia kusimama. Kisha nikaenda kutawadha.